Mchelea mwana kulia... mwezi wa nne sasa sijashika kandambili na mtoto anasikia, njooni mnibishie

Mama Ndizi

Wakuu habarini za jumapili. Huu uzi mrefu kidogo, aliye na haraka apite, aliye na mtoto wa miaka miwili mpaka mitano ndani ya nyumba avute kigoda.

Nina binti wa miaka mitatu na nusu. Tunakaa Tabata nyumba ya kupanga, wapangaji sita uwa mmoja, yaani mtoto wangu akilia wanajua wote na kila mmoja ana dawa yake. Mimi nilikuwa mama wa kandambili. Sio katili jamani, ni vile na sisi tulivyolelewa, unamwambia mtoto mara ya kwanza, ya pili, ya tatu kandambili inahama mguuni inaenda mkononi. Asubuhi ndo ilikuwa balaa lenyewe maana gari la shule linapita saa 12 kasoro robo, dereva anapiga honi mbili anaondoka zake, na binti bado kakaa kwenye beseni anachapa maji kama bata.

Sasa kilichonigeuza. Kama wiki mbili hivi chumba kinanuka, nikajua panya kafia mahali, nahamisha kitanda, navuta kabati, wapi. Siku hiyo napima mchele wa mchana, nazamisha kikombe kwenye ndoo natoka na chupi. Nazamisha tena, ya pili. Za mkojo, zimekauka zimekuwa ngumu kama dagaa. Kumbe binti akijikojolea alikuwa anazificha mle kwa sababu ndo ndoo pekee yenye mfuniko. Nikakaa chini na kikombe changu mkononi. Mtoto wa miaka mitatu kashapiga hesabu zake kwamba ushahidi ukipotea kandambili haiji! Miezi yote ile nadhani namfundisha kuwahi chooni, mwenzangu yeye alikuwa anajifunza kuficha. (Mchele walikula bata wa jirani, kabla hamjauliza.)

Basi nikaanza kusomasoma mambo ya malezi ya upole, na kusema kweli mengi nilikuwa nayacheka, niliona ni ya watu wenye nafasi. Ila nikachukua machache nikayajaribu humu humu uwani kwetu.

La kwanza, niliacha kuuliza swali ambalo jibu la hapana silitaki. "Mama tukaoge?" Mtoto wa miaka mitatu ukimuuliza hivyo atakwambia hapana, na hana kosa, si umemuuliza? Sa hivi namwambia muda wa kuoga umefika, unaenda kwa kuruka kama chura au kwa kutambaa kama kobe. Kuoga hakuna mjadala. Mjadala uko kwa chura na kobe. Hivyo hivyo kwenye sweta na soksi, utaanza na kipi. Kanaona kenyewe ndo kameamua na mimi nakaachia hiyo heshima, hainigharimu kitu.

Lingine ni hizi "usi" zetu. Usimwage, usikimbie, usiguse. Ukimwambia usimwage hujamwambia afanye nini na kile kikombe. Nikawa namwambia shika kwa mikono miwili. Tembea polepole. Weka mezani. Jambo moja kwa wakati, sio "nenda kavue nguo uweke kwenye tenga uchukue ndala uje huku", pale anakuwa kashasahau kwenye nguo.

Na kushtukiza. Mtoto yuko zake anapika pilau la mchanga kwenye vifuniko vya chupa, unatokea unamnyakua. We ungekuwa unaangalia mpira dakika ya 88 mtu akachomoa waya wa tivii ungenyamaza? Siku hizi nachuchumaa hapo hapo kwenye jiko lake, namwambia mpishi pakua sahani mbili za mwisho halafu tunanawa. Anapakua, mimi nakula mchanga wangu, tunaondoka. Sio kila siku. Ila siku nne kwenye tano tunaondoka bila vita.

Sasa nije kwenye kichwa cha uzi. Juzi dukani kwa Mangi binti kataka pipi, nikamwambia leo hatununui pipi tumekuja kununua mafuta. Akajitupa chini, kajigalagaza pale kwenye vumbi na gauni alilotoka kuvaa. Mama mmoja akaniambia "mnunulie tu huyo shilingi mia hiyo". Mwingine akasema "mzabe kofi moja tu uone kama hajanyamaza". Mimi nikachuchumaa, nikamwambia unaitaka pipi sana na mama kasema hapana, umekasirika, najua. Nikalipia mafuta, nikambeba na kilio chake mpaka nyumbani. Alilia weee, akachoka, akaja kunilalia mapajani. Pipi hakupata, kofi hakupata.

Na njiani nikawa nawaza ile methali tunayotupiwa kila siku, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wote tunaichukulia kwamba asiyechapa ndo anayechelea. Lakini angalia pale dukani nani aliogopa kilio. Wa pipi aliogopa kilio. Na wa kofi naye aliogopa kilio, si alitaka kinyamaze upesi asikisikie? Mimi nilikiacha kilie mpaka kiishe. Kwaiyo mchelea ni nani hapo?

Karibuni.

Babu wa Kibao

Binti umeandika vizuri lakini mnatuharibia watoto. Sisi tulichapwa nyumbani, shuleni, na mtu baki akikukuta unafanya ujinga anakuchapa na ukifika nyumbani unaongezwa. Na tumekuwa watu. Samaki mkunje angali mbichi. Hao wa chura na kobe tutawaona wakifika kidato cha pili.

Mama Ndizi

Shikamoo babu. Samaki mkunje, sawa kabisa, ila babu samaki mbichi anakunjwa na mkono tu, polepole, mkia unaletwa kichwani. Anayegongwa na rungu ni pweza, na huwa kashakufa 😂

Mpwani Asilia

Hahaa pweza kapata wakili.

Mie niko Mombasa upande wa Kisauni, na hili la kusema ni malezi ya kizungu hunichekesha. Nyanya yangu mie alitulea wajukuu tisa na sikumbuki fimbo yake hata ya kumfukuzia kuku. Wakati wa kuoga ukifika atakaa mlangoni aseme "Kitendawili!" sote tunajibu "Tega!" Anatega, kisha anasema jibu liko bafuni, wa kwanza kumaliza ndiye atakayenong'onezwa. Mwajua tulivyokuwa tukikimbia? Na usiku "Paukwa" haisemwi mpaka kila mtu awe amekojoa na yu kitandani. Akasema paukwa, nyinyi wajibu pakawa, na aliye nje hadithi imempita. Hakuna kupigiwa kelele. Huyu mwanamke skuli hakuenda.

Lakini akisema hapana ni hapana, wallahi hata ungelia damu. Twasahau kwamba wazee wetu wengine walikuwa wapole na walikuwa hawachezewi.

Tena kwetu Kenya viboko skulini viliondolewa 2001, na katiba ya 2010 ibara ya 29 ikasema mtu asiadhibiwe kwa kupigwa. Kwa karatasi ni hivyo. Kwa majumba yetu kila mtu na mwiko wake.

Fundi Friji

Mimi mwanaume ngoja niungame humu maana nyumbani siwezi. Sijawahi kumchapa mwanangu ila silaha yangu ilikuwa vitisho. Hujala? Namwita daktari aje akuchome sindano. Hulali? Namwita daktari. Sindano ilikuwa inanifanyia kazi kuliko mkanda, anakula huku ananiangalia.

Basi bwana akashikwa na homa usiku, tunafika zahanati kumekucha, kumuona tu dada wa watu kavaa nyeupe dogo akapandisha mori. Tulimshika watu wanne, mimi, mama yake, mlinzi na mgonjwa mmoja aliyejitolea. Kumtoboa kidole kupima malaria ikawa kama tunachinja. Kaning'ata hapa kwenye kiganja alama ninayo. Yule dada akauliza kwa upole kabisa, "nyumbani mnamtishia na sisi eeh?" Mama yake akaniangalia. Sikujibu kitu.

Sasa swali langu, mimi nimeacha vitisho, mtoto hali. Anaweka tonge shavuni anakaa nalo nusu saa kama kameza tena hajameza. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu

Mkuu Fundi hiyo ya sindano tunaiona kila siku, mtoto wa chanjo anaingia mlangoni keshaanza kulia kabla hajaguswa, na mzazi anacheka.

Kuhusu tonge shavuni angalia kwanza anakula nini kabla ya mlo. Wengi wanapewa biskuti na juisi saa 5, saa 7 unamletea ugali unashangaa hali. Mpe kidogo kwenye sahani, sahani ndogo isimtishe, ale na nyie pamoja sio peke yake mbele ya katuni, akisema kashiba toa sahani bila ugomvi. Mlo unaofuata hana biskuti katikati, utaona. Kazi yako ni kuleta chakula kizuri kwa muda wake, kiasi gani kimeingia tumboni mwachie mwenye tumbo. Ila akipungua uzito au kila siku anakabwa akimeza mlete apimwe, hayo sio ya kujadili kwenye uzi.

Na niongeze kitu hakijasemwa. Nusu ya huu tunaouita ukaidi ni usingizi. Shirika la afya duniani walitoa mwongozo 2019, mtoto wa miaka mitatu na minne anatakiwa alale masaa 10 mpaka 13 kwa siku ukijumlisha na ule wa mchana, na skrini isizidi saa moja kwa siku. Sasa piga hesabu ya majumba yetu. Tamthilia inaisha saa 4 usiku mtoto yupo kochini, saa 11 alfajiri anaamshwa gari la shule linakuja. Hapo ni masaa 7. We mtu mzima ukilala masaa 7 wiki nzima bila kahawa unaongea na watu vizuri? Halafu anakataa sweta tunasema ana kisirani.

Mama Ndizi

Nesi umenigusa, ya tamthilia ni mimi. Nilihamisha kulala kukawa saa 2 na nusu, wiki ya kwanza ilikuwa vita maana alizoea, mimi mwenyewe nilikuwa nazima tivii nakaa gizani nasikia ya jirani inaendelea, nafuatilia kwa masikio. Ila asubuhi zikawa nyepesi kuliko hata ujanja wa chura.

Mwalimu Madogoli

Nafundisha chekechea, darasa langu wapo 47 niko na msaidizi mmoja. Mkisema upole ni kwa wenye nafasi njooni mnione saa 4 ya uji. Ukiingia kwa ukali pale utakuwa na watoto 47 wanaolia na vikombe 47 vimemwagika.

Ninachofanya naongea chini. Kweli. Darasa likichachamaa sipandishi sauti, nashusha, nawaambia wa mbele kwa kunong'ona "anayenisikia aguse pua". Wa mbele wanagusa, wa kati wanaona wenzao wanagusa pua wanataka kujua kuna nini, mpaka nyuma kule kimya. Na yule mtukutu kuliko wote nampa cheo. Nina mmoja alikuwa anapindua kila kitu, nikamfanya msimamizi wa vikombe, yeye ndo anahesabu (anahesabu moja mbili tano nane lakini anahesabu). Leo mwezi wa tatu hajapindua kikombe, na ole wake atakayepindua.

Kwa Babu, shikamoo mzee wangu. Hii habari ya mpole au mkali sio mpya. Kuna mama mmoja Mmarekani, Diana Baumrind, miaka ya 1960 huko alikuwa anachunguza wazazi na watoto wa chekechea, akawagawa makundi matatu. Wapo wa amri tu, fanya kwa sababu nimesema. Wapo wa kuachia tu, mtoto anajiendesha. Na wapo wa katikati, wana upendo na wana mipaka, mtoto anasikilizwa lakini mzazi ndo mzazi. Hao wa tatu ndo watoto wao aliwakuta wanajitegemea na wanashirikiana vizuri. Wengi tukisikia upole tunamfikiria yule wa pili. Mama Ndizi anaongelea yule wa tatu, pipi haikununuliwa pale.

Na hata fimbo za shule mnazozililia zina kanuni zake. Za hapa Tanzania za 2002 zinasema mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, viboko visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu, msichana achapwe na mwalimu wa kike labda kama hayupo. Mimi sizipendi hata hizo, lakini angalieni, serikali inayoruhusu imeweka idadi na daftari. Nyumbani kwetu nani ana daftari?

Babu wa Kibao

Marahaba mwalimu. Hiyo ya daftari nimeielewa. Ila bado. Mtoto asiyeogopa mtu ataogopa nini.

Single na Wawili

Samahanini wapendwa naomba niwe yule mchawi wa uzi. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, nabadilisha daladala mbili, narudi saa 2 usiku miguu imevimba. Wanangu wanashinda na dada wa miaka 19 ambaye naye anataka kwao. Nikifika mkubwa hajafanya homwek, mdogo kamwaga unga, luku imeisha. Hapo ndo nichuchumae niseme "najua umekasirika mwanangu"? Mimi nani kanichuchumalia leo? Mnaandika vizuri ila mengine ni ya mtu ambaye hajachoka.

Mama Ndizi

Dada yangu hujawa mchawi, umesema ukweli mtupu na sina jibu la yote. Wiki iliyopita mimi mwenye uzi nilimfinya. Nimetoka kazini kichwa kinauma, kachukua podari yangu kaipaka ukuta mzima, nikamfinya bega na maneno juu. Akanywea. Sio kulia, kunywea, na macho yakaenda kwenye ndoo ya mchele, naapa. Nikatoka nje nikanawa uso, nikarudi nikakaa chini nikamwambia mama kakosea, mikono ya mama haikutakiwa kufinya, nisamehe. Unajua kanijibu nini? "Sawa ila usirudie." Ile ile ninayomwambia yeye, na kidole kanyoosha. Tukachukua kitambaa tukafuta ukuta wote wawili, yeye chini mimi juu.

La dada wa kazi mimi pia lilinisumbua, maana unajenga asubuhi unakuta jioni kumebomoka. Nikaacha kumpa semina, nani anataka semina ya bosi wake. Tulikubaliana mambo matatu tu. Hachapwi, hatishiwi (sindano, zimwi, polisi, mama ataondoka asirudi, yote yafe), na akisema mmoja hapana mwingine asiseme ndiyo. Na hilo la tatu linanibana mimi kuliko yeye, maana mimi ndo nilikuwa narudi na hatia yangu nageuza hapana zake zote kuwa ndiyo, mtoto anamuona dada hana thamani, sasa atamsikia vipi mchana?

Kwa uchovu wako chagua dakika kumi moja tu. Mimi za kwangu ni za kuoga jioni, simu iko chumbani inachaji. Muda mwingine wote tunaungaunga.

Single na Wawili

Haya. Hiyo ya kugeuza hapana za dada ni mimi kabisa, nanunuaga na chipsi juu. Dakika kumi nitaziangalia. Ya ukuta imenichekesha.

Baridi ya Göteborg

Nawasoma kutoka Uswidi, mwaka wa saba huku. Huku kumchapa mtoto ni marufuku tangu 1979, hii ndo nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku hata kwa mzazi nyumbani. Kwaiyo mimi sikuchagua, nilikuta hivyo. Mwanzoni nilijiona nimefungwa mikono, mtoto kakataa kuvaa ovaroli la baridi, nje nyuzi hasi kumi, basi linakuja, na fimbo hakuna. Nilikuwa natoka jasho ndani ya koti.

Ila nataka niwaonye kitu wenzangu mnaoanza. Msigeuze upole kuwa hotuba. Mimi nilikuwa namweleza mtoto wa miaka miwili kwa nini baridi ni mbaya, damu, vidole, homa, dakika tano nzima, ananiangalia tu kama redio. Walimu wa chekechea huku hawaongei hivyo. Wanatandika ovaroli sakafuni, wanasema "miguu kwanza", wananyamaza, wanasubiri. Mtoto anaingiza miguu. "Mikono." Basi. Ndo yale aliyosema mwenye uzi, jambo moja kwa wakati, nami naongezea na kunyamaza katikati. Kusubiri ndo kugumu. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujarudia, utashangaa kwenye saba anaanza kusogea. Sisi tulizoea kurudia mara tano ndani ya sekunde kumi halafu tunasema hasikii.

Na msidhani huku mtoto anafanya anavyotaka. Mwanangu alirusha kijiko shuleni, kijiko kikaondolewa, mezani akaondolewa, kakaa na mwalimu pembeni mpaka kapoa, karudi kaokota. Hakuna aliyemfokea na hakuna aliyemuachia.

Mama Kung'atwa

Wangu anapiga na kung'ata wenzie, miaka miwili na miezi. Mama wa jirani hanisalimii tena. Nikimchapa namwambia "usipige watu" huku nampiga, nikajisikia mjinga 😭

Mwalimu Madogoli

Pole mama, umri huo meno yanawahi maneno yanachelewa. Usiwe mbali. Kaa pale wanapochezea, ukiona mkono unapanda ushike hewani, mwambie kwa kifupi "sikuachi upige". Usiukaze, ushike tu. Halafu mpe neno alilokosa, "sema leta" au "sema zamu yangu". Kwanza mkimbilie aliyeng'atwa, mbembeleze huyo mbele yake, wako aone kelele zote haziendi kwake. Ni wa kukaa naye wiki mbili tatu karibu hivyo, inachosha, halafu maneno yakija meno yanapumzika. Na kwa mama jirani peleka hata ndizi, muombe radhi yeye.

Nesi wa Zamu

Niseme hili halafu niingie zamu. Ule utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania uliofanyika 2009, walihoji vijana wa miaka 13 mpaka 24, karibu watatu kati ya wanne wakasema walipigwa na mtu mzima au mpenzi kabla ya kufika 18, ngumi, mateke, viboko. Hatuongelei familia chache zilizoshindikana hapa. Ni sisi, na wengi wetu wakarimu kabisa tukifika kwa watu.

Mpwani Asilia

Ndio mana nikasema ya nyanya. Aliyelelewa bila fimbo hajui kuitafuta. Mie mkono wangu huwa hata haujui unaanzia wapi.

Fundi Friji

Mrejesho wakuu. Siku ya sita. Nimeondoa biskuti, nimemuweka mkekani na sisi, sahani yangu na yake. Tonge shavuni bado lipo ila sasa linakaa dakika mbili. Jana kaomba nyongeza ya mlenda. MLENDA. Mama yake kanipigia simu kazini kuniambia, nikiwa juu ya ngazi.

Babu wa Kibao

Nami nina mrejesho lakini msishangilie. Mjukuu wangu kaletwa likizo, miaka minne, wa mjini, hataki kuvaa viatu uwani na kuna miiba. Nimemwambia mara tatu, mkono ukaanza kunyanyuka, nikakumbuka yule pweza. Nikamwambia haya, viatu vya babu na viatu vyako, tuone vya nani vitafika kwenye zizi kwanza. Kavaa mwenyewe, kushoto kulia kulia kushoto, kanishinda mbio maana goti langu bovu. Kila asubuhi sasa ananiamsha mimi tukashindane, saa 12 hiyo.

Fimbo iko juu ya kabati pale pale, sijaitupa na sitaitupa.

Mama Ndizi

Babuuu 😂😂 wacha ikae huko juu ifuge vumbi.

Babu wa Kibao

Usicheke. Kesho ana dawa ya minyoo na ameshaapa hainywi. Hapo hakuna mbio za viatu. Mnafanyaje?

Nesi wa Zamu

Babu muulize ni ya kutafuna au ya maji. Kama ni kidonge cha kutafuna mwambie ukweli kwamba ina ladha ya ajabu kidogo, usimwambie ni pipi, akigundua umemdanganya ya mwakani hutaipeleka. Achague aitafune amekaa kwenye kiti chako au kwenye gogo la zizini, na kikombe cha maji akishike mwenyewe.

Babu wa Kibao

Kiti changu hakikaliwi na mtu.

Gogo basi. Nitawajuza.